Mstaafu Thailand: namna ya kuongeza mwaka wa kukaa bila kukwama

Mgeni aliyefikisha umri wa miaka 50 na aliyeingia Thailand kwa viza isiyo ya uhamiaji (Non-Immigrant) ya kundi la O, au O-A (ile ya makazi marefu), anaweza kuiomba Uhamiaji imwongezee mwaka mmoja wa kukaa kwa sababu ya kustaafu, kisha mwaka mwingine, na mwingine, bila kutoka nchini. Ada ni baht 1,900, na dirishani shughuli yenyewe huweza kuisha asubuhi moja. Wengi wanaokataliwa hawakuharibikiwa siku hiyo. Waliharibikiwa miezi kadhaa nyuma, pale salio la benki liliposhuka chini ya kiwango kwa siku mbili tu. Kwa hiyo tutaanza na pesa, na tutakaa hapo kwa muda.

Pasipoti yako ikiwa ya Kenya, ya Tanzania, ya Oman au ya Uingereza, kiwango cha pesa ni kile kile. Usitegemee uraia wako kukupunguzia chochote.

Pesa

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kuweka akiba isiyopungua baht 800,000 katika benki iliyoko Thailand. Ya pili ni kuthibitisha kipato cha baht 65,000 kila mwezi. Ya tatu ni kuchanganya: akiba ukijumlisha na kipato cha mwaka mzima ifike 800,000. Wengi hutumia ya kwanza, nasi tunaipendekeza kwa yeyote anayeimudu, kwa kuwa ndiyo yenye karatasi chache na maswali machache.

Masharti ya akiba yalikazwa kuanzia tarehe 1 Machi 2019. Zile 800,000 ziwe zimekaa kwenye akaunti miezi miwili kamili kabla ya siku ya kuomba. Zikae miezi mitatu mingine baada ya kupewa ruhusa. Baada ya hapo unaweza kuzitumia, lakini salio lisishuke chini ya 400,000 hata siku moja, mpaka uzirudishe kwa ajili ya ombi linalofuata.

Chukua mfano. Ruhusa yako inaisha tarehe 20 Septemba na umepanga kuomba tarehe 1 Septemba. Pesa yote iwe ndani kufikia tarehe 1 Julai. Ukipewa ruhusa siku hiyo hiyo ya kuomba, usiiguse mpaka tarehe 1 Desemba. Kuanzia hapo una miezi saba ya kuishi na salio la 400,000 au zaidi, na Julai inayofuata uwe umerudi kwenye 800,000. Maana yake, kwa miezi mitano ya kila mwaka pesa yote imefungwa, na nusu yake imefungwa daima. Ukiweza, isahau kabisa pesa hii: fungua akaunti ya pekee kwa ajili ya Uhamiaji, na matumizi ya nyumbani yapite kwenye akaunti nyingine.

Weka pia ziada. Akaunti yenye baht 800,000 kamili ni mtego, kwa sababu benki hukata ada ya mwaka ya kadi bila kukuuliza. Fungua kitabu cha benki utazame: mstari mmoja unaonyesha 800,000.00, unaofuata una makato ya 200 au 300, na tangu hapo salio linasomeka 799,000 na mia kadhaa. Ofisa anapita kila mstari kwa kalamu, na akifika hapo atasimama. Baht 10,000 za ziada zinatosha kukuondolea balaa hilo. Bora zaidi, akaunti hii usiichukulie kadi kabisa.

Akaunti iwe kwa jina lako peke yako. Ya pamoja na mke au mume haipokelewi. Inaweza kuwa ya akiba ya kawaida au ya muda maalumu, ilimradi masharti yake yanakuruhusu kutoa pesa unapotaka. Hisa, hati fungani na vipande vya mifuko ya uwekezaji havihesabiwi, hata kama vinauzwa na benki hiyo hiyo na thamani yake ni kubwa kuliko kiwango.

Anayetumia njia ya kipato ana kazi zaidi. Zamani ilitosha barua ya ubalozi inayotaja pensheni yako. Balozi za Marekani, Uingereza na Australia ziliacha kutoa barua hizo kuelekea mwaka 2019, hivyo raia wa nchi hizo huonyesha miamala ya benki: baht 65,000 au zaidi zilizoingia kutoka nje kila mwezi kwa miezi 12. Mwezi mmoja ukikosekana, mlolongo umekatika, na kuingiza 130,000 mwezi unaofuata hakuuzibi. Panga utumaji uangukie katikati ya mwezi. Pesa iliyotumwa tarehe 30 ikakuta sikukuu huingia mwezi mwingine, na karatasini utaonekana una mwezi mtupu na mwezi wenye miamala miwili. Tuma kidogo zaidi ya kiwango pia, kwani shilingi, pauni au dola ikiyumba dhidi ya baht, kilichokuwa 65,200 mwezi uliopita kinakuwa 64,700.

Kuna jambo ambalo huwaumiza hasa wanaotumia huduma za mtandaoni za kutuma pesa. Baadhi ya kampuni hupokea fedha yako Ulaya kisha zikakulipa kutoka akaunti yao iliyoko Thailand, na kitabu cha benki kikaonyesha uhamisho wa ndani, bila alama ya kwamba pesa imetoka ng'ambo. Kwa Uhamiaji hiyo si pensheni kutoka nje. Unapojaza sababu ya kutuma, chagua ile inayotaja makazi ya muda mrefu Thailand kama ipo, kisha baada ya muamala wa kwanza nenda tawini uulize umeandikwaje. Kama umeandikwa kama wa ndani, badilisha njia ya kutuma mapema, si ukiwa umefika mwezi wa kumi na moja wa ile miezi 12.

Kitabu chenyewe kichapishwe kila mwezi. Kwa baadhi ya benki, kikikaa muda mrefu bila kuingizwa kwenye mashine, miamala mingi hufupishwa kuwa mstari mmoja. Ushahidi wa mwezi mmoja mmoja unapotea hivyo hivyo, na itakubidi uombe taarifa ya mwaka mzima ambayo huweza kuchukua siku kadhaa kutoka makao makuu ya benki.

Viza ya O au ya O-A

Fungua pasipoti uangalie ni ipi ulianza nayo, kwa kuwa kuna tofauti ya gharama. Aliyeingia kwa O-A anadaiwa bima ya afya kila anapoongeza mwaka. Sharti hilo lilianza tarehe 31 Oktoba 2019, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi baht milioni 3. Aliyeingia kwa O, au aliyebadilishiwa kuwa O akiwa ndani ya nchi, hadaiwi bima hiyo. Kwa mzee wa miaka 75 mwenye kisukari au presha, bima ya kiwango hicho huwa ghali mno au haipatikani kabisa. Kama bado uko nyumbani unapanga safari na ubalozi unakuruhusu kuchagua, omba O. Wapo wenye O-A ambao huachia muda wao uishe, wakatoka na kurudi kwa O ili kuanza upya. Ni halali, lakini ule mlolongo wa miaka unakatika na pesa inaanza kuhesabiwa tena.

Lini uombe

Ofisi nyingi hupokea maombi ndani ya siku 30 za mwisho, na baadhi hukubali kuanzia siku 45. Ukiomba mapema hupotezi kitu: mwaka mpya unahesabiwa kuanzia tarehe ya mwisho ya ruhusa ya zamani, si siku uliyoomba. Kwa hiyo hakuna faida ya kungoja wiki ya mwisho. Epuka hasa juma la Songkran, tarehe 13 hadi 15 Aprili, ofisi zinapofungwa na siku zinazozunguka sikukuu hiyo hujaa watu.

Kabla ya hayo angalia pasipoti inaisha lini. Ruhusa haivuki tarehe ya pasipoti: ikiwa imebakiza miezi saba, utapewa miezi saba na utalipa 1,900 ile ile. Badilisha pasipoti kwanza, na kama nchi yako haina ubalozi Bangkok, anza karibu mwaka mmoja kabla. Ukishapata mpya, peleka zote mbili Uhamiaji pamoja na barua ya ubalozi inayothibitisha kuwa mpya imechukua nafasi ya ya zamani, wahamishe mihuri. Usiitupe ya zamani, hata kama imekatwa kona.

Karatasi za kubeba

Kila ofisi ina orodha yake, nasi tunasisitiza: nenda wiki mbili kabla kwenye ofisi ya mkoa wako, wakupe karatasi yao, ufuate hiyo. Mkazi wa Chiang Mai asijitayarishe kwa orodha ya mkazi wa Phuket. Kwa kawaida utahitaji:

- Fomu TM.7 iliyojazwa pande zote mbili, na picha moja ya sentimeta 4 kwa 6 iliyopigwa ndani ya miezi sita.
- Pasipoti na kopi za ukurasa wa picha, viza uliyoingia nayo mara ya kwanza, muhuri wa mwaka unaoisha, muhuri wa mwisho wa kuingia, na kibali cha kuingia tena kama unacho.
- Barua ya benki inayothibitisha akaunti ni yako na salio ni kiasi gani. Ichukue siku ile ile, au siku moja kabla. Huwa baht 100 hadi 200.
- Kitabu cha benki na kopi za kurasa zote za miezi 12.
- Mkataba wa nyumba, kopi ya kitambulisho cha mwenye nyumba, na kopi ya kitabu cha usajili wa nyumba.
- Risiti ya TM.30 (taarifa ya mwenye nyumba kwamba unaishi kwake) na ya taarifa ya siku 90 (yako mwenyewe ya mahali unapoishi); zote tunazieleza hapo chini.
- Ramani ya kufika kwako, hata ya kuchora kwa mkono, yenye alama zinazoonekana kama hekalu, shule au duka la kona.

Asubuhi ya siku ya kuomba, pitia kwenye mashine ya kuwekea pesa uingize baht 100, kisha uchapishe kitabu. Sasa mstari wa mwisho una tarehe ya leo, na ndio ofisa anaoutafuta. Weka, usitoe: anayetoa 100 akiwa na salio la kubana anaweza kujishusha mwenyewe. Toa kopi ya ukurasa huo mpya baada ya kuchapisha, kwani ile uliyotoa jana haina mstari wa leo.

Tia saini kwenye kila kopi kwa kalamu ya bluu, ili saini itofautiane na maandishi ya mashine. Beba seti mbili. Na unaposoma barua ya benki usishtuke kuona mwaka kama 2568, wa kalenda ya Kithai: toa 543 upate 2025.

Siku yenyewe

Bangkok ofisi iko Chaeng Wattana, katika majengo ya serikali, Jengo B. Mikoani kuna ofisi kwenye miji yote wanakokaa wastaafu, zikiwemo ya Hua Hin na ya Jomtien kwa watu wa Pattaya. Kazi huanza saa mbili na nusu asubuhi, na mchana kuna mapumziko ya saa moja. Fika saa moja asubuhi. Baadhi ya ofisi zina mfumo wa kupanga miadi mtandaoni, na pale mfumo huo unapopatikana ni bora kuliko foleni.

Lazima uende mwenyewe, kwa kuwa ofisa anakupiga picha palepale. Vaa suruali ndefu au gauni la heshima, kwa sababu kaptura na fulana isiyo na mikono vinaweza kukurudisha mlangoni. Chukua namba, subiri, toa karatasi kwa mpangilio wa orodha yao, jibu kifupi unachoulizwa, lipa 1,900 taslimu. Utapewa pia karatasi ya kukiri kwamba unajua adhabu za kupitiliza muda. Isome kabla ya kutia saini. Ukikosa kopi moja, usibishane. Karibu na kila ofisi kuna duka la fotokopi, na mara nyingi ofisa atakuruhusu urudi kwake bila kuchukua namba nyingine.

Baadhi ya ofisi hazitoi mwaka papo hapo. Zinagonga muhuri wa kwamba ombi linaangaliwa na kukupa tarehe ya kurudi, kwa kawaida ndani ya siku 30. Uko halali katika kipindi hicho, ila tarehe hiyo usiikose na usisafiri nje ya nchi. Nyingine hukutaka urudi baada ya miezi mitatu kuonyesha kuwa zile 800,000 bado zimelala mahali pake. Uliza kabla ya kuondoka dirishani, na uandike tarehe.

Kabla hujatoka kwenye jengo, fungua pasipoti usome muhuri. Tarehe ikikosewa hurekebishwa kwa dakika tano ukiwa pale.

Kibali cha kuingia tena

Hapa ndipo watu wetu hupoteza mwaka mzima kwa siku moja. Ukitoka Thailand bila kibali cha kuingia tena, ruhusa yako inakufa pale unapogongewa muhuri wa kutoka, hata kama ulipewa jana na unarudi kesho. Fomu ni TM.8: baht 1,000 kwa safari moja, 3,800 kwa safari nyingi ndani ya mwaka huo.

Kwa hesabu tupu, 3,800 inaanza kulipa kwenye safari ya nne. Lakini mwenye wazazi au ndugu wazee Mombasa, Tanga au Bujumbura asipige hesabu hiyo. Msiba hauji na miadi, na simu ikilia usiku hutataka kuanza kuwaza fomu. Chukua kile cha safari nyingi siku hiyo hiyo unapopewa mwaka, dirisha la pili, picha ya pili. Kwenye viwanja vikubwa vya ndege kama Suvarnabhumi kuna meza inayotoa kibali hiki kabla ya kutoka, na ni msaada mkubwa kwa aliyesahau, lakini ongeza angalau saa moja kwenye muda wako wa safari.

Unaporudi, tangu tarehe 1 Mei 2025 kila mgeni hujaza kadi ya kidijitali ya kuwasili ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure, tovuti inayodai malipo si ya serikali. Ukifika mezani, mwonyeshe ofisa ukurasa wenye kibali, na usome muhuri wa kuingia: uandikwe tarehe ya mwisho ya mwaka wako, si ya mtalii.

Siku 90 na anuani

Ukikaa siku 90 mfululizo unatoa taarifa ya mahali unapoishi kwa fomu TM.47. Haina ada. Dirisha linafunguka siku 15 kabla na kufungwa siku 7 baada ya tarehe. Unaweza kwenda, kumtuma mtu, kutuma kwa posta ya rejista, au kujaza mtandaoni, ingawa mtandaoni hufungwa mapema zaidi na mara ya kwanza unatakiwa ufike. Ukichelewa faini ni baht 2,000. Kila unapotoka na kurudi, hesabu inaanza upya tangu siku ya kuingia, na taarifa hii haiongezi muda wa kukaa hata siku moja. Wapo waliochanganya karatasi hizo mbili, wakadhani tarehe ya siku 90 ndiyo ya ruhusa.

TM.30 ni jukumu la mwenye nyumba: anatakiwa aripoti ndani ya saa 24 kwamba mgeni amefika kwake. Wenye nyumba wengi hawajui, au wanajua na hawajali, na anayerudishwa dirishani ni wewe. Unapopanga nyumba, fanya jambo hili liwe sharti kabla ya kulipa amana, pamoja na kopi ya kitambulisho chake. Baada ya kulipa ni vigumu kumpata.

Mambo yanapoharibika

Kupitiliza muda hugharimu baht 500 kwa siku, mwisho 20,000. Hiyo ni faini tu. Aliyepitiliza zaidi ya siku 90 akajitokeza mwenyewe uwanjani hufungiwa kurudi kwa mwaka mmoja, na aliyekamatwa mitaani hufungiwa miaka mitano hata kama amepitiliza wiki moja. Kwa hiyo ukiona hesabu ya benki haitatimia, toka nchini kabla ya tarehe, na uombe viza mpya ukiwa nje.

Kuna mawakala watakaokuambia pesa si tatizo: wao wataweka 800,000 kwenye akaunti yako kwa siku chache na muhuri utapatikana. Tunasema wazi, usifanye. Siku chache za pesa ya kuazima haziwezi kuwa miezi miwili, kwa hiyo kuna mtu amefumba macho mahali fulani, na jina lililo kwenye faili ni lako. Wakala wa kukusaidia foleni, fomu na tafsiri ni sawa kabisa, hasa kwa mzee ambaye miguu haimruhusu kusimama.

Mume au mke ambaye naye ni mgeni anaweza kuongezewa muda kama mtegemezi wako bila 800,000 nyingine. Kinachotakiwa ni cheti cha ndoa kilichothibitishwa na ubalozi kisha na Wizara ya Mambo ya Nje ya Thailand. Kama cheti ni cha kadhi na kimeandikwa Kiarabu au Kiswahili, kitafsiriwe kwanza. Kazi hii ifanyike mapema, kwani mihuri hiyo hupatikana mmoja baada ya mwingine.

Na kwa kuwa akaunti ni ya jina lako peke yako, mwenzako hataweza kuigusa ukifariki. Benki itaifunga mpaka mahakama itoe amri, na yeye atakuwa na mazishi mikononi na hana pesa. Andika wosia wa mali iliyoko Thailand, kwa Kithai na lugha unayoielewa, mbele ya mashahidi wawili, utaje benki na namba ya akaunti na mtu wa kuusimamia. Kisha mwachie mwenzako, kwenye akaunti yake mwenyewe, fedha za kumtosha miezi sita.